Ndege ya rimoti isiyovunjika haraka kwa anayeanza, naombeni ushauri (nipo Mwanza)

Mtu wa Kamanga
Wakuu, habari za majukumu. Niende moja kwa moja kwenye mada. Natafuta ndege ya rimoti, inayoruka kweli, siyo ya kuzungusha sebuleni, kwa ajili ya mtu anayeanza. Isiwe ya kuvunjika vunjika. Bajeti laki tatu, ikizidi sana laki tatu na nusu. Ni ya mtoto wa ndugu yangu. Mtandaoni naona zipo za foamu, za mbao, za plastiki, na kila muuzaji anasema yake ndiyo imara. Imara ni ipi? Nijibiwe mapema maana muda umebana. Matusi hapana.

Sangara Mzee
Mnunulie baiskeli.

Fundi Propela
Karibu mkuu. Ondoa kwanza wazo kwamba ndege imara ni ile ngumu. Ngumu ndiyo inayopasuka. Za mbao ya balsa zinapendeza, lakini ikigonga jiwe (na Mwanza nionyeshe pa kuangukia pasipo na jiwe) unarudi nyumbani na njiti za kiberiti mfukoni.

Foamu nazo hazifanani. Ile nyeupe ya chenga chenga, kama ya maboksi ya kusafirishia samaki, inameguka, na ukiitia supa gluu inayeyuka unaiona hivi hivi. Inayoitwa EPO ina unyumbufu kidogo, ikikatika unaiunga na maisha yanaendelea. EPP ndiyo baba lao, unaikunja halafu inarudi.

Kwa anayeanza, bawa liwe juu ya kiwiliwili na ncha zake ziwe zimeinuka kidogo. Propela ikikaa nyuma ya bawa ni bora zaidi, pua ikichimba udongo mota haiumii. Ukiona bawa limefungwa kwa rababendi usidharau, huo ndio ujanja wenyewe: likigonga linachomoka badala ya kukatika. Yangu ya kwanza ilikuwa hivyo, imeanguka hadi nimeacha kuhesabu, imejaa seloteipu kama majeruhi wa bodaboda na bado inaruka.

HobbyZone AeroScout ni ya aina hiyo, bawa mita 1.1, propela nyuma, ina kifaa cha kuisawazisha ukiachia mikono. Kwa hela yako hapo utajikaza. Volantex Sport Cub 500 ni ndogo, bawa nusu mita, nayo inajisawazisha, na utaifikia. Ila propela yake iko mbele, na upepo wa ziwa ukiamka unaichukua kama karatasi ya maandazi.

Sasa nijibu: mtoto ana miaka mingapi, na atarushia wapi?

Ngosha Mstaafu
Mwangaluka wote. Sisi enzi zetu tulikuwa tunatengeneza tiara kwa mfuko wa rambo na uzi wa kushonea nyavu, tunarusha kutoka juu ya mawe pale Capri Point. Siku moja uzi ulimkata mwenzetu kiganja, baba yake akatuchapa wote sita akianza na mimi, wakati uzi haukuwa wangu. Hadi leo nikimkuta yule bwana Kirumba namkumbusha.

Ila teknolojia imekwenda. 2018 si walikuwa wanarusha ndege isiyo na rubani kupeleka dawa Ukerewe? Kilomita 60 kwa dakika 40, mimi na feri yangu bado nasubiri abiria wajae. Mtoa mada anunue kama ile.

Fundi Propela
Mzee wangu, ile ilikuwa ya DHL na wenzake wa Ujerumani, inapaa wima kama helikopta halafu inalala na kwenda yenyewe kwa kompyuta. Laki tatu hainunui hata skrubu zake. Tumsubiri mtoa mada.

Mtu wa Kamanga
Asante Fundi, umeshiba. Umri ni kati ya 16 na 18. Mahali pa kurushia papo, ni uwanja mkubwa. Ila nina swali dogo. Hizi za kivita, zenye bawa chini na meno ya papa yamechorwa puani, nazo si zipo za foamu? Haziwezi kuwa imara pia? Maana mtu akiziona anajua kabisa hii ni ndege.

Mama Doto wa Igoma
"Kati ya 16 na 18." Mtoto mmoja anakuwaje kati? Cheti cha kuzaliwa kimeliwa na mchwa?

Fundi Propela
Za kivita ni ndege ya tatu au ya nne kwenye safari hii. Bawa liko chini, ni fupi, inataka kasi muda wote. Ukiipunguza tu ili upate kufikiri, inadondosha bawa moja na kuingia ardhini kichwa kichwa. Na kuna kitu wanaoanza hawakijui: ndege ikikuelekea wewe, kushoto kunakuwa kulia. Yenye bawa juu inakupa muda wa kukumbuka hilo. Ya kivita haikupi.

Halafu kaka, mbona unaiulizia kwa upendo hivyo? Umeshanunua?

Mtu wa Kamanga
Sijanunua.

Mtu wa Kamanga
Nimetanguliza laki mbili tu. Bado themanini. Ni ya mtu anayehama, ameiuza kwa bei ya kutupa. Rimoti ipo, betri ipo, ingawa imevimba kidogo. Mbona nyie mnaongea kama hela ni zenu?

Sangara Mzee
Betri imevimba kidogo, kama mjamzito wa mwezi wa kwanza 😂😂

Fundi Propela
Iliyovimba haichajiwi, haijalishi imevimba kiasi gani. Hizo ni betri za LiPo (lithiamu polima), zinawaka moto ndani ya nyumba na maji hayazimi haraka. Nunua nyingine, na chaja yake maalumu yenye kile kiplagi cheupe cha kusawazisha seli, kila seli isipite volti 4.2. Usiiache inachaji ukaenda kuoga.

Na bado hujasema ni ya nani na itarukia wapi. Nauliza mara ya pili.

Mama Doto wa Igoma
Mara ya tatu, hata mimi niliuliza.

Mtu wa Kamanga
Basi ngoja nifunguke, maana naona mmeamua.

Mtoto wa ndugu hayupo. Wapo wanafunzi themanini na sita. Mimi ni mwalimu wa fizikia na mlezi wa klabu ya sayansi. Tuna mahafali ya kidato cha nne wiki tatu zijazo. Mwaka jana kwenye kikao cha walimu niliteleza ulimi nikasema chuoni nilikuwa narusha ndege za rimoti. Sikuwahi. Nilimshikia mwenzangu begi. Mkuu wa shule hakusahau. Sasa imeandikwa kwenye ratiba, baada ya risala na kabla ya ngonjera: "Onyesho la ndege, Mwalimu mlezi." Itapita juu ya meza kuu idondoshe shada la maua mbele ya mgeni rasmi. Hela imetoka kwenye michango ya mahafali. Ndiyo maana ya kivita inafaa zaidi, ile nyingine ya propela nyuma inafanana na kipepeo. Naomba msinihukumu, nimeomba ushauri wa ndege.

Mama Doto wa Igoma
Michango ya wazazi! Mimi nimetoka kulipa elfu hamsini ya mahafali ya mwanangu nikaambiwa ni ya keki na turubai. Kumbe kuna turubai na kuna ndege za papa. Mwalimu, maabara yenu ina bunsen burner ngapi zinazowaka? Jibu hilo kwanza.

Ngosha Mstaafu
Mwacheni mwalimu. Mwanaume akishasema kitu mbele ya wenzake anakibeba. Mimi niliwahi kusema najua kuogelea, nikiwa ndani ya mtumbwi, katikati ya Kamanga na Mwanza. Ila hiyo ni ya siku nyingine.

Fundi Propela
Mwalimu, nikuambie bila kukuhukumu. Kupita juu ya meza kuu hapana. Kupita juu ya mtu yeyote hapana. Propela inayozunguka inakata kidole, na ndege ya kilo moja ikimshukia mzazi aliyekaa kwenye kiti cha plastiki haitakuwa onyesho tena.

Pili, mgeni rasmi wa kwenu anaalikwa saa ngapi na anafika saa ngapi?

Mtu wa Kamanga
Kadi inasema saa nne. Mwaka jana alifika saa nane kasoro.

Fundi Propela
Sasa mwenyewe ni mtu wa fizikia. Saa nane mchana nchi kavu imeshapata moto kuliko maji, upepo unatoka ziwani kuja kwetu kwa nguvu zake zote. Ndiyo maana sisi tunarusha asubuhi, saa moja hadi saa tatu, bendera zikiwa zimelala. Wewe unataka kurusha mara ya kwanza maishani, ndege ya kivita, upepo wa mchana, mbele ya umati. Shule iko upande gani wa mji?

Mtu wa Kamanga
Ilemela. Kuna nafasi sana. Tukiwa gwaride la asubuhi namba za ndege zinazokwenda kutua zinasomeka kwa macho.

Fundi Propela
🤦 Mwalimu.

Sangara Mzee
Atadondosha maua kwa mgeni rasmi wa ndani ya Airbus 😂😂😂 Nipo nimekaa.

Fundi Propela
Jirani na uwanja wa ndege harushi mtu, iwe ya laki tatu au ya elfu kumi. Mambo haya yako chini ya TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, nenda ukawaulize wenyewe kabla hujagusa rimoti. Ushauri wangu: onyesheni sayansi kwa njia nyingine. Wanafunzi watengeneze glaida, ndege zisizo na mota, za kurusha kwa mkono, za foamu, kila mmoja na yake, wapige hesabu ya uzito wa puani wenyewe. Pesa ya soda tu. Zikirushwa themanini kwa pamoja hata mgeni rasmi atasimama.

Mtu wa Kamanga
Nimekuelewa ila ratiba imeshachapwa.

Dogo wa Malimbe
Samahanini wakubwa, nimesoma uzi wote kimya kimya. HII NI CHAI. Tena ya maziwa na tangawizi. Fungueni nyuzi zake za nyuma. Mwaka jana huyu huyu Mtu wa Kamanga aliomba ushauri wa kufuga sato kwenye vizimba, akasema ni mstaafu wa reli mwenye miaka 61. Leo ni mwalimu wa fizikia. Kesho atakuwa rubani. Mnapoteza bando kumjibu.

Mama Doto wa Igoma
Haa! Nimeuona. "Mimi mstaafu wa reli nina mafao yangu kidogo." Na mimi nilimjibu kule kwa ukurasa mzima kuhusu chakula cha samaki!

Sangara Mzee
Nilisema baiskeli. Hamkunisikiliza.

Mtu wa Kamanga
Ule uzi nilimwandikia baba mkwe, yeye hana akaunti. Vizimba vipo hadi leo, sato walikufa. Mtu akimsaidia mkwe naye ni kosa?

Dogo wa Malimbe
Mkwe, mtoto wa ndugu, mwenzako wa chuoni. Ukoo wako wote unaishi kwenye nyuzi. Weka picha ya ndege tuone.

Ngosha Mstaafu
Hata ikiwa chai, imenoga. Mimi niongezewe kikombe.

Mtu wa Kamanga
[picha] Haya. Nimeikamilishia hela jana jioni. Ipo juu ya meza ya maabara.

Mama Doto wa Igoma
Umekamilisha?! Baada ya yote haya?

Dogo wa Malimbe
Picha ya kupakua hiyo.

Fundi Propela
Dogo, subiri. Nimeikuza hiyo picha. Maandishi kwenye propela yanatakiwa yaelekee mbele, kule ndege inakokwenda. Hii yanaangalia nyuma, imefungwa kinyume. Anayetunga chai angepakua picha ya dukani, iliyofungwa vizuri. Hii ameifunga mtu mwenyewe, kwa mikono yake, usiku, akiwa na haraka. Namwamini mwalimu asilimia mia, na ndipo naogopa zaidi.

Dogo wa Malimbe
Mh. Na pembeni naona chupa ya asidi yenye lebo ya mkono. Haya, mimi narudisha maneno yangu nusu. Ya sato nabaki nayo.

Mtu wa Kamanga
Kwa hiyo ikiwa kinyume inarudi nyuma?

Fundi Propela
Hairudi nyuma, inasukuma mbele kinyonge tu, unaitupa inakwenda kama ndege iliyolewa. Usiitupe.

Sikia. Jumapili hii saa moja kamili asubuhi, Luchelele, kule kwenye uwazi wa malisho kabla ya mawe makubwa, kuna mwembe mmoja. Mbali na njia za ndege, na mimi ruhusa yangu ninayo. Njoo na hiyo papa yako tuiangalie, haitaruka. Utashika rimoti ya yangu ya seloteipu. Tutapaa juu kiasi kwamba ukikosea una nafasi ya kukosea tena. Kabla ya hapo pakua programu ya kuigiza kurusha kwenye simu, anguka huko mara mia bila gharama. Ndege ikikujia usoni, kumbuka moja tu: usukani usukumie upande wa bawa linalolala. Na uwaangalie mwewe, mmoja aliwahi kunitoboa mkia.

Baada ya hapo utaamua mwenyewe utamwambia nini mkuu wako.

Mtu wa Kamanga
Mungu akubariki kaka. Nimeanguka kwenye simu mara 43 tangu jana. Nakuja.

Mama Doto wa Igoma
Na risiti za michango aje nazo.

Mtu wa Kamanga
Nimefika, nipo chini ya mwembe. Fundi, samahani sana, mkuu wa shule aliniona natoka na ndege, amesema naye anakuja kuona ninavyorusha. Usiniite mwanafunzi mbele yake.

Fundi Propela
Nawaona kwa mbali, napaki pikipiki. Ni yule mwenye suti ya kahawia?

Mtu wa Kamanga
Hapana, huyo ni mwenyekiti wa bodi.