Kuku?! Nimefungwa pingu, bado naambiwa habari za KUKU?!

Mikono_Nyuma:
Wakuu, naandika kwa mkono wa kushoto. Dole gumba la kulia lina ganzi tangu saa nne asubuhi.

Leo somo lilikuwa pingu. Mkufunzi mnamjua, simtaji: yule wa filimbi, anayepuliza hata akitaka kusogezewa kiti. Akataka "mtuhumiwa", na darasa zima lile jicho likaniangukia mimi. Nikalala kifudifudi, mikono mgongoni, kraa, kraa. Hadi hapo sina neno.

Ila loki ya pili hakuiweka! Kile kipini cha ncha ya ufunguo, unachobonyezea pembeni ili meno yasiendelee kukaza, wimbo aliotuimbia wiki nzima! Wala hakupitisha kidole kupima nafasi. Mara simu ikaita. Akatoka nayo, ufunguo mfukoni.

Nimelalia tumbo karne mbili. Nikitikisika, jino moja kraa. Nikipumua, kraa. Nikasema, afande, inabana. Nikarudia. Akachungulia mlangoni, simu sikioni: "Kuku akifungwa miguu hulia kidogo kuliko wewe."

KUKU. Miaka kumi na moja kazini, nimekuja kunolewa tu, naambiwa hivyo mbele ya makuruta! Na kuku mwenyewe hafungwi mgongoni!

Rungu_Refu:
Kokoriko mkuu 😂😂

Sheria_Mkononi:
Tuwe wakweli, hakukuita kuku. Kasema kuku anakushinda.

Mikono_Nyuma:
Asante. Sasa ndiyo imeuma vizuri.

Mama_Doria:
Pole kaka. Hiyo ganzi ya dole gumba ni mshipa wa fahamu unaopita juu ya mfupa wa kifundo cha mkono, chuma kimeukalia. Isipoisha nenda kaonwe. Na aliyefungwa mgongoni haachwi juu ya tumbo, anageuzwa ubavu upesi asije akabanwa pumzi. Hilo si la kuchekea.

Rungu_Refu:
Swali la kizushi. Pingu nyingi si zinafunguka kwa ufunguo wa aina moja? Wenzako wote walikuwa na funguo kiunoni?

Mikono_Nyuma:
Walikuwa nazo! Wote! Wakawa wananiangalia tu! Mmoja akasema "afande hajatoa amri". Amri! Ya kumfungulia KUKU!

Pua_Moto:
Wewe umelalia tumbo tu unafungua uzi? Sisi yule yule alitupuliza pilipili machoni asubuhi, tukapigana na boksi la mazoezi huku kamasi zinafika kifuani. Nikasema yamekwisha. Jioni nikaoga, maji yakaishusha kutoka kwenye nywele. Imeshuka wakuu. Imeshuka hadi mahali ambapo hakuna mtaala unaopataja.

Mama_Doria:
Hahahaa! Nywele unaziosha umeinama mbele, mwanangu. Hukuambiwa?

Pua_Moto:
Aliyepaswa kuniambia alikuwa kwenye simu.

Zamu_ya_Usiku:
Mimi ananichosha na futi 21 zake. "Mwenye kisu akiwa ndani ya futi 21 piga risasi, ni sheria!" Sheria ya wapi?

Sheria_Mkononi:
Si sheria. Ni zoezi la Dennis Tueller, askari wa Salt Lake City, aliloliandikia mwaka 1983. Aliona mtu anaweza kuzimaliza futi hizo kwa sekunde moja na nusu hivi, muda ule ule wa kuchomoa bastola na kulenga. Hakusema kila mwenye kisu apigwe.

Zamu_ya_Usiku:
Kamwambie wewe. Mimi nitafungwa pingu.

Buti_Moja:
Mnalia na pingu, je fulana za kuzuia risasi? Tumepewa zilizokunjwa kama shuka, kola ina jasho la vizazi vitatu. Tarehe ya mwisho nyuma imefutika, sijui kwa bahati gani hiyo.

Pua_Moto:
Na laini kama hizo ni za risasi ya bastola. Kisu kinataka fulana yake.

Zamu_ya_Usiku:
Ya kwangu ilikuwa imeanikwa juani kila siku. Nyuzi zimekuwa biskuti.

Mikono_Nyuma:
Jamani, tulikuwa kwenye kuku.

Buti_Moja:
Kuku gani? Mwenye fulana ndogo aje tubadilishane, yangu nikikaa kwenye gari inapanda hadi kidevuni.