Mjadala: Mchoro wa Tingatinga kwenye tisheti na skeitibodi, nani alipwe?

Mleta mada:
Wakuu, salaam. Mimi naprinti tisheti Kariakoo. Wiki iliyopita kaja kijana na kazi nono: tisheti 200 na stika za kubandika chini ya skeitibodi, ule ubao wa magurudumu wa kuteleza nao, kolabo (kazi ya pamoja) ya nguo za mtaani na sanaa ya nyumbani. Akanitumia picha kwa simu. Tausi wawili wa Tingatinga, ule mtindo wetu wa uchoraji, manyoya yamejazwa nukta kwa nukta, mng'ao wa rangi ya mafuta unaonekana kabisa. Chini kulia palikuwa na jina la mchoraji. Limefutwa, ila mkia wa herufi ya mwisho umebaki. Nikamuuliza, mwenyewe anajua? Akasema Tingatinga ni ya taifa, haina mwenyewe.

Kazi nikaikataa. Fundi mwenzangu mpaka leo ananinunia, na hela ya kodi ya fremu kweli ilikuwa inahitajika.

Ninavyoona mimi, mtindo ni wetu sote lakini mchoro una mwenyewe. Edward Saidi Tingatinga alianza hapahapa Dar mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa vipande vya siling bodi na rangi ya kupakia baiskeli. Alipofariki mwaka 1972 aliacha wanafunzi, na hakuna wa kumkataza mtu kuchora tausi. Ila tausi hawa wawili kuna mtu aliwainamia siku nzima. Sheria ya Hakimiliki ya 1999 inamlinda maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa.

Hata hao tunaowaiga hawafanyi hivyo. Supreme, duka lililofunguliwa New York mwaka 1994 kwa ajili ya watu wa skeitibodi, lilitoa mbao za skeitibodi zenye michoro ya Takashi Murakami, msanii wa Japani, mwaka 2007 na ya Damien Hirst, msanii wa Uingereza, mwaka 2009. Majina ya wasanii ndiyo yaliyowapanga watu foleni.

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, hiyo historia umeikata katikati. Mwaka 2000 Supreme haohao walitoa mbao zenye nembo ya kufanana na ya Louis Vuitton, kampuni ya Ufaransa ya mikoba na nguo za kifahari, bila hodi, wakabanwa wakaziondoa sokoni. Mwaka 2017 wawili hao wakatoa kolabo ya pamoja. Utamaduni huu umekua kwa kuchukua kwanza, ruhusa baadaye. Vijana wetu wasio na mtaji unawafungia mlango mapema mno.

Mchangiaji wa pili:
Baba yangu mdogo anachora. Picha akishaiuza, imekwenda. Ukimpa laki leo atakushukuru na hatauliza kitu. Shida ni zile tisheti zikirudiwa mara ya tano, yeye atajulia wapi?

Mleta mada:
Ndugu wa kwanza, hoja yako ni nzito na nimeifikiria usiku kucha. Ila tazama aliyechukuliwa ni nani. Louis Vuitton walikuwa na mawakili, ndiyo maana mbao zilirudi ndani na miaka 17 baadaye wakakaa meza moja kama watu sawa. Baba mdogo wa huyu mwenzetu hana wakili. Kwake hiyo ruhusa ya baadaye haifiki kamwe.

Ndugu wa pili, swali lako ndilo limenigusa, kwa sababu jibu lipo mikononi mwetu mafundi. Mwenye kolabo anaweza kudanganya idadi, sisi hatuwezi kujidanganya, tunahesabu kila tisheti inayopita mezani. Mchoraji akiandikiana na mteja, nakala moja ibaki kwa fundi, jina lake liprintiwe shingoni panapokaa saizi, na kila toleo jipya fundi ampigie simu kabla ya kuchanganya rangi. Mimi niko tayari kuanza. Mafundi wa Kariakoo na Ilala mliomo humu, mnaona linawezekana, au mteja atahamia meza ya jirani?