MREJESHO: DNA ya samaki kwenye maji chini ya bwawa

Wakuu nimerudi kama nilivyoahidi. Kwa waliosahau, nililalamika sampuli zangu za maji ya mto chini ya bwawa, ninazopima DNA wanayoacha samaki majini ili kujua spishi zilizopo, zinatoka kapa maabara wakati nyavu zinaleta samaki palepale, na chujio linaziba hata nusu lita haijapita.

Aliyesema niachane na chujio lenye vitundu vya mikroni 0.45 ubarikiwe sana. Nimehamia mikroni 5, sasa lita 2 zinapita japo kwa kusuasua na chujio linatoka limepakaa tope kama ukuta wa udongo. Ila kilichoniua kumbe ni zile asidi za majani yaliyooza, zinazuia PCR (kile kipimo cha maabara kinachonakili DNA mpaka ionekane) isifanye kazi, tukazimua DNA mara 10 tu na spishi zikaanza kutokea moja moja, nusura niruke. Kuchota kuanzia chini ya mto kupanda juu nako nimefuata, maana ukitibua tope la juu linakushukia mwenyewe.

Sasa aibu yangu. Maji safi ya kontroli (yale yasiyo na samaki, ya kuhakiki kama vifaa ni safi) ya siku ya pili yalitoka na DNA ya samaki, ndoo niliisuuza kwa maji tu bila klorini (mliniambia jamani, uvivu), kwa hiyo sampuli za siku nzima nimetupa.

Kingine hakijaisha: spishi zilizotokea juu na chini ya bwawa siwezi kuapa zinaishi chini, DNA inaweza kupita na maji kwenye tabo (mitambo ya umeme ya bwawa). Hizo bado tunahakiki kwa nyavu. Asanteni sana wote.