Naomba ushauri: mkataba wa Newark Eagles wa 1939, wino unanitia wasiwasi

Wakuu habari zenu. Nakusanya mikataba ya wachezaji weusi wa besiboli Marekani, ya enzi za ubaguzi, kabla Jackie Robinson, mchezaji mweusi, hajaingia Brooklyn Dodgers, timu ya ligi kuu iliyokuwa ya wazungu tu, mwaka 1947. Kuna jamaa ananiuzia mmoja wa Newark Eagles, timu ya weusi, wa 1939, eti una sahihi ya Effa Manley, yule mama aliyemiliki timu pamoja na mumewe Abe. Karatasi imekunjwa mara tatu, pembeni ina kutu ya pini. Inavutia kwa kweli.

Shida ni sahihi ya mchezaji: ni kama ya peni hizi za kawaida, zenye kigololi nchani, na hizo zilianza kuuzwa madukani kule Oktoba 1945! Anataka dola 1,200, na hataki mtaalamu auone kabla sijalipa. Mke wangu keshanuna. Niachane na huyo muuzaji, au wino unaweza kupimwa bila kuharibu karatasi?