Ulinganisho: kufua mwenyewe, kumpa dobi au kukodi shuka kwa nyumba za wageni wa muda mfupi?

Vyumba Vitatu (mleta mada)

Wadau, salaam. Ninapangisha nyumba ya vyumba vitatu kwa wageni wa siku mbili tatu, na jambo linaloniumiza kichwa kuliko mengine yote ni ufuaji. Wageni wanaondoka saa nne asubuhi na wengine wanaingia saa tisa alasiri. Katika saa hizo tano natakiwa nivue vitanda vitatu, nifue, nikaushe, nipige pasi na nitandike upya, achilia mbali kusafisha nyumba yenyewe. Hadi sasa ninafua mwenyewe kwa mashine ya kilo 8. Nimefikiria njia mbili nyingine: kumkabidhi dobi kila kitu, au kukodi shuka na taulo kutoka kampuni inayozileta zikiwa safi na kuzichukua zikiwa chafu. Naomba wenye uzoefu wanilinganishie njia hizi tatu, hasa kwa upande wa muda, uimara wa vitambaa na madoa. Juma lililopita tu nimetupa taulo mbili zilizokuwa na alama za rangi ya chungwa ambazo kila nilipozitia dawa ya klorini zilizidi kukolea.

Funguo Mlangoni

Ndugu mleta mada, kabla hatujafika kwa dobi: una seti ngapi kwa kila kitanda?

Vyumba Vitatu (mleta mada)

Mbili. Kitanda kimoja tuseme kina moja na nusu, kwa sababu kava la duveti la pili limechanika penye vifungo.

Shuka Nyeupe

Basi shida yako inaanzia kabatini, na ukiiacha hapo hata dobi hodari hatakuokoa. Kila kitanda kinahitaji seti tatu: moja imetandikwa, moja inafuliwa, na moja imekunjwa kabatini ikingoja. Ukiwa na hizo, saa tano zako hazina tena uhusiano wowote na mashine. Unavua, unatandika kutoka kabatini, na zile chafu unazifua jioni au kesho yake kwa utulivu. Mimi nilihangaika miaka miwili nikidhani nahitaji mashine kubwa zaidi, kumbe nilihitaji shuka zaidi.

Tufanye hesabu kidogo ili uone kwa nini mashine yako haitoshi kwa siku moja. Shuka ya pamba ya kitanda kikubwa ina uzito unaokaribia gramu 800, kava la duveti ni kama kilo moja, na foronya nne ukizijumlisha zinakaribia nusu kilo. Kitanda kimoja, kwa hiyo, ni zaidi ya kilo mbili, na vitanda vitatu vinakaribia kilo saba kabla hujagusa taulo. Taulo ya kuogea ya sentimita 70 kwa 140, yenye uzito wa gramu 500 kwa mita ya mraba, ni karibu nusu kilo ikiwa kavu, hivyo taulo sita ni kilo tatu. Umeshavuka kilo 8. Tena hizo kilo 8 zilizoandikwa kwenye mashine ni za programu ndefu ya pamba. Kwenye programu ya haraka mashine nyingi hubeba nusu ya hapo au pungufu, na anayeijaza ili kuokoa muda anatoa shuka zenye mistari ya sabuni isiyosuuzika.

Na usichanganye taulo na shuka. Taulo huacha nyuzinyuzi kwenye shuka, hukawia kukauka, na uzito wake huifanya mashine iyumbe wakati wa kukamua.

Aliyekuwa Dobi

Nimefanya kazi ya udobi kwa muda mrefu kabla sijaanza kupangisha vyumba, kwa hiyo nitasema yanayonihusu pande zote mbili.

Faida ya dobi ni mashine zenye joto la uhakika, kikaushio kikubwa na, penye uwezo, pasi ya rola inayonyoosha shuka nzima kwa dakika chache, kazi ambayo nyumbani inakula nusu saa na mgongo wako. Hasara yake ni kwamba shuka zako zinachanganywa na za watu wengine. Kama anatoza kwa uzito, mara nyingi hahesabu vipande, na asipohesabu yeye ni lazima uhesabu wewe, mbele yake, wakati wa kupeleka na wakati wa kupokea. Shona uzi wa rangi moja, mwekundu kwa mfano, kwenye pembe ya pindo la kila kipande. Wino wa kalamu hufifia baada ya kufuliwa mara kadhaa, lakini uzi haufutiki, na mfanyakazi anayepanga nguo anauona bila kuifunua shuka.

Muulize dobi wako maswali mawili kabla ya mengine yote. La kwanza: anafua kwa nyuzi joto ngapi? Shuka nyeupe za pamba zinapaswa kufuliwa kwa 60, kwa sababu hicho ndicho kiwango kinachoua utitiri wa vumbi, na kunguni pia hawakiwezi. La pili: anatumia klorini kila mara au kwa madoa tu? Klorini ya kila mara huchosha pamba, nayo hula mpira wa shuka zile za kuvika godoro. Ukiona pembe za shuka yako zimelegea ndani ya miezi michache ilhali kitambaa kingali kizima, mtuhumiwa wa kwanza ni klorini, wa pili ni kikaushio chenye joto kali.

Sasa hizo alama za rangi ya chungwa. Nina hakika karibu kamili kwamba zilikuwa sehemu za mabegani na shingoni, na wageni wako walikuwa wametoka juani. Krimu nyingi za kujikinga na jua zina kemikali iitwayo avobenzoni, ambayo ikikutana na chuma kilichomo katika maji huacha doa linalofanana na kutu. Klorini hulizidishia rangi. Doa la namna hiyo huanza kwa sabuni ya maji ya vyombo ili kutoa mafuta ya krimu, likisuuzwa hufuatiwa na dawa ya kuondoa kutu au maji ya limau, na klorini haikaribii hapo kabisa. Ninasisitiza kusuuza: klorini ikichanganyika na tindikali, hata siki au limau, hutoa gesi ya sumu, na ikichanganyika na amonia hali ni hiyo hiyo.

Vyumba Vitatu (mleta mada)

Mabegani kweli. Nilidhani bomba langu lina kutu, nikamwita fundi bure.

Kamba Ndefu

Mimi nilikodi kwa msimu mzima, hivyo niwaeleze upande huo ambao haujaguswa. Kitu kizuri kuliko vyote ni kwamba doa si lako tena. Mgeni akimwaga kinywaji au akijipangusa wanja kwa foronya, unaitia kwenye mfuko wa chafu na kampuni inajua la kufanya, mradi haijachanika. Hununui akiba, hutafuti kabati kubwa, hupigi pasi.

Kasoro zake nilizigundua polepole. Mkataba ulinitaka nichukue idadi fulani kila juma, nikiwa na wageni au sina, na katika majuma matupu nilikuwa nikilipia shuka zilizolala. Gari lao lilikuja siku mbili maalumu, kwa hiyo mgeni aliyeongeza watu wawili usiku alinikuta sina kitu. Na vitambaa vyenyewe vilikuwa mchanganyiko wa pamba na poliesta, ambao ni jambo la busara kwa biashara yao kwa sababu hukauka upesi na haukunjamani sana, lakini wageni wawili waliandika kwamba shuka zinatia joto. Siku moja nilifungua furushi nikakuta foronya nne za maua madogo ya buluu katikati ya shuka zangu nyeupe. Zilikuwa safi kabisa. Sikuzitandika.

Kwa mwenye nyumba nane au kumi, kukodi kunaingia akilini. Kwa vyumba vitatu, mimi nisingerudia.

Shuka Nyeupe

Hapo kwenye mchanganyiko nina pingamizi dogo. Nusu pamba nusu poliesta inafaa sana kwa anayekausha ndani ya nyumba au kwenye kamba siku za mawingu. Kasoro yake ya kweli ni mafuta ya mwili, ambayo poliesta huyashikilia, na baada ya muda foronya inakuwa na harufu hata ikitoka kufuliwa. Ndiyo maana mimi nina mashuka ya mchanganyiko lakini foronya zote ni pamba tupu, ambazo naweza kuzifua kwa joto kali bila wasiwasi.

Funguo Mlangoni

Kuna anayetumia kilainisho cha nguo kwenye taulo? Wageni wangu wanalalamika kwamba hazikaushi.

Aliyekuwa Dobi

Kiache. Kilainisho huzipaka nyuzi utando kama wa nta, na taulo inakuwa laini mkononi lakini inasukuma maji badala ya kuyanyonya. Zifue mara moja au mbili kwa maji ya moto bila kilainisho na kwa sabuni pungufu kidogo, kisha zikung'ute kwa nguvu kabla ya kuanika ili vinyuzi visimame. Na kama unanunua mpya, usivutiwe na zile nene za gramu 700. Ni fahari kuzigusa, lakini hukauka kwa shida, na taulo iliyokunjwa ikiwa na unyevu kidogo tu itanuka uvundo siku ya pili. Gramu 400 hadi 500 zinamtosha mgeni yeyote.

Kamba Ndefu

Niongeze moja kwa wanaofua wenyewe: funga vifungo vya kava la duveti kabla ya kulitia kwenye mashine. Nisipofunga, hutoka likiwa limemeza shuka na foronya zote, limejiviringa kama mpira, na ukilipasua katikati unakuta foronya iliyo kavu kama ilivyoingia.

Na damu ni maji baridi kwanza, daima. Maji ya moto huigandisha kwenye nyuzi. Baada ya hapo dawa ya madoa ya oksijeni katika maji ya uvuguvugu wa nyuzi 40 au zaidi, mloweko wa saa kadhaa, huitoa bila kudhuru kitambaa, na inafaa hata kwa shuka za rangi nyingi.

Vyumba Vitatu (mleta mada)

Nawashukuru nyote, na hasa Aliyekuwa Dobi. Nimeamua hivi. Ninaongeza seti hadi ziwe tatu kwa kila kitanda, zote nyeupe, za kipimo kimoja, na shuka bapa badala ya zile za mpira, kwa kuwa shuka bapa unaweza kuigeuza upande wa miguuni ukawa wa kichwani na haina kitu cha kulegea. Shuka na makava zitakwenda kwa dobi mara mbili kwa juma, zikiwa na uzi na orodha. Taulo na foronya zitabaki nyumbani kwangu, kwa sababu ndizo zenye madoa mengi na ningependa niyaone mapema, kabla joto la kikaushio halijayakaza. Kukodi nimekuacha. Pia nitaweka bafuni vitambaa vidogo vyeusi kwa ajili ya kufutia vipodozi, nikitumaini taulo nyeupe zitapona.

Swali langu la mwisho: huo uzi mwekundu hauchuji rangi kwenye shuka nyeupe?

Aliyekuwa Dobi

Wa pamba unaweza kuchuja. Tumia wa poliesta, na kabla ya kushona uloweke kipande chake katika maji ya moto ndani ya bakuli jeupe kwa dakika kumi. Maji yakibaki meupe, shona.