Upau wa juu kwenye apu ya oda za samaki: AppBar ya kawaida, wa kujitengenezea, au unaojificha?

Kibua_Mtatu (mwanzisha mada)

Wakuu, salaam. Niko Tanga, natengeneza apu ya kuagizia samaki wa soko la Deep Sea, naiandika kwa Flutter (zana ya Google ya kujengea apu). Aliyenipa kazi ni dalali. Wanunuzi wake ni mama lishe na vijana wa pweza wa Ngamiani na Makorora. Hadi leo apu haina kitu juu: mtu akifungua "Samaki wa leo" anakuta orodha tu, akiingia kwenye kolekole hajui atatokaje mpaka akumbuke kitufe cha kurudi cha simu yenyewe. Dalali kaniambia, "Weka kitu pale juu, watu wanapotea."

Nimejaribu njia tatu, kila moja imeniumiza kichwa kivyake.

AppBar, yaani upau wa juu wa Flutter yenyewe, kila ukurasa na yake ndani ya Scaffold (fremu ya ukurasa). Ilikubali siku hiyohiyo, kishale cha kurudi kikajitokeza chenyewe. Ila nikisogeza orodha, upau unabadilika rangi, na dalali anadhani simu yake imeharibika.

Halafu nikajijengea wangu kwa Container na Row, rangi ya bahari, nembo katikati. Unapendeza kweli. Kwenye simu yangu ya zamani hauna shida. Kwenye simu ya dalali yenye Android 15, nembo imezama chini ya saa na betri.

Mwisho SliverAppBar: ukishuka na orodha upau unajificha, ukirudisha kidole kidogo unatokea. Lakini nina tabo mbili, "Bei za mnada" na "Oda zangu", na hapo nimekwama tangu juzi.

Simu za wateja ni ndogo, nyingi kioo chake ni 360 kwa 640 (dp, kipimo cha skrini cha Android). Mngechukua ipi? Nawasilisha.

Fundi_Barabara_ya_12

Hiyo ya rangi si ubovu, mkuu. Tangu Flutter 3.16 ya mwaka 2023, Material 3 (mtindo wa Google wa sura za apu) ndiyo inayokuja yenyewe, na ndani yake upau hujipaka rangi kidogo kitu kikipita chini yake. Weka scrolledUnderElevation: 0 kwenye AppBarTheme, mara moja tu, kurasa zote zitatulia.

Ya nembo kuzama: apu ikilenga API 35 (namba ya Android 15 kwa waandika apu) na simu ikawa Android 15, apu inatandazwa kioo kizima, mpaka nyuma ya saa. AppBar inajua hilo, inajisukuma chini yenyewe. Container yako haijui. Unaweza kuifunga kwa SafeArea, inayokwepa sehemu ya saa, lakini usifikirie kukimbilia API ya chini, maana tangu 31 Agosti 2025 Google Play haikubali apu mpya wala matoleo mapya yanayolenga chini ya 35.

Binti_Pongwe

Kabla hamjafika kwenye rangi, chukueni kalamu. Kioo chako kina urefu wa 640. Mstari wa saa na betri juu unachukua kama 24. AppBar 56. Tabo 48. Ukiweka na NavigationBar ya Material 3 chini, 80. Vitufe vitatu vya simu yenyewe, 48. Jumla 256. Asilimia 40 ya kioo imekwenda na samaki hata mmoja hajaonekana bado.

Kwa hiyo, Kibua, swali lako la kwanza ni kitu gani kinastahili kukaa pale juu. Ukishalijibu ndiyo uchague wijeti, yaani kipande cha Flutter cha kuutengenezea.

Mzee_wa_Makuti

Mimi si mtu wa kompyuta, huingia humu kusoma tu. Ila wanangu mmenichekesha. Upau kwetu ni ule mti mwembamba tunaofungia makuti. Ukizidisha pau, paa linakuwa zito na nguzo chini zinaanza kulalamika. Naona na simu ni vilevile. Endeleeni.

Nahodha_Msimbo

😂 Shikamoo mzee, hilo nalichukua.

Kibua, mimi nitautetea huo upau wako wa pili, watu wasiuzike mapema. Kosa ni Container, wazo lenyewe halina ubaya. Ile rangi ya bahari itie kwenye flexibleSpace ya AppBar (nafasi ya nyuma ya upau), nembo iwe title, centerTitle: true. Utapata sura unayoitaka, na kishale na nafasi ya saa vinabaki kazi ya Flutter. Ukitaka wijeti yako mwenyewe ya kutumia kurasa zote, iwe PreferredSizeWidget na preferredSize irudishe Size.fromHeight(kToolbarHeight), la sivyo Scaffold itaikataa pale kwenye appBar.

Usije ukaweka upau mmoja nje ya Navigator ya ndani (inayofungua na kufunga kurasa) ukidhani umeokoa mistari. Kishale hakitatokea, kwa sababu upau huo unaangalia njia yake wenyewe, hauoni kurasa zilizofunguliwa ndani. Mimi hilo lilinila wikiendi nzima.

Na kila IconButton ipe tooltip kwa Kiswahili. TalkBack, kisoma-skrini cha Android kwa wasioona, inasoma hiyo.

Ndoano

Sisi wa Compose, zana nyingine ya kujengea apu za Android, tunawaangalia tu. TopAppBar, unaipa pinnedScrollBehavior au enterAlwaysScrollBehavior, imeisha.

Fundi_Barabara_ya_12

Ndoano, apu ishaandikwa kwa Flutter, unataka aandike upya kwa ajili ya upau? Kibua, kuhusu tabo na SliverAppBar: unahitaji NestedScrollView, na ndani yake SliverOverlapAbsorber na SliverOverlapInjector, bila hivyo samaki wa kwanza kwenye orodha anafunikwa. Inawezekana. Kwa orodha ya aina kumi za samaki, mimi nisingehangaika.

Kibua_Mtatu

Wakuu, nimerudi. Leo asubuhi nilikwenda Deep Sea na simu mbili, moja ina upau uliotulia, nyingine unaojificha.

Nikampa mama mmoja, mteja wa siku zote wa dalali. Mkono wa kushoto ndoo, wa kulia simu, dole gumba limejaa magamba. Nikamwambia, mama, agiza changu kilo tatu. Akachagua vizuri tu. Kikapu nilikiweka kona ya juu kulia, kama kila apu. Dole likapanda, halikufika. Akaibana simu kwa kidevu, akasogeza vidole, nusura iingie kwenye ndoo. Mwisho akaiweka ndoo chini, akafuta mkono kwenye kanga, ndiyo akabonyeza. Kitufe kile kina 48 kwa 48 kama wanavyoelekeza, upana si tatizo. Kiko mbali tu.

Ile ya kujificha ndiyo ilinishangaza. Nilidhani wataipenda kwa sababu inaachia nafasi. Kijana wa pweza akashuka na bei za tasi, upau ukapotea, mtu akamwita, akageuka, akarudi kwenye simu: "Bro, hii bei ya tasi au ya changu?" Jina la samaki lilikuwa juu kwenye upau. Limejificha.

Basi nimekata hivi. AppBar ya kawaida, haiondoki, ina kishale na jina la samaki tu. Kikapu kimeshuka chini kulia, kitufe kikubwa. Tabo nimezitoa, "Oda zangu" imehamia kwenye upau wa chini pamoja na bei. Rangi ya bahari nimeitia kwenye flexibleSpace, asante Nahodha. Nembo nimeiacha kwenye ukurasa wa kwanza peke yake.

Limebaki moja: "Kolekole mkubwa wa mnada" inakatika na kuishia na nukta tatu.

Binti_Pongwe

Sasa unaongea. Hiyo usiikuzie upau. Juu andika "Kolekole" basi, na "mkubwa, wa mnada" iwe mstari wa kwanza wa ukurasa wenyewe. Na jaribu na simu iliyokuzwa maandishi, mama zetu wengi wameyakuza.

Kibua_Mtatu

Nimejaribu, "Kolekole" inakaa hata maandishi yakikuzwa. Dalali naye kaja na jipya: anataka paandikwe "Wagosi wa Kaya", jina la utani la Coastal Union, kando ya jina la samaki. Nimemkumbusha kwamba nusu ya wanunuzi wake ni Kimanumanu, mashabiki wa African Sports. Bado anafikiria.