Nataka kufunga sarafu kwa karatasi nyumbani, nyie mnafungaje?

BiMaandazi_Tabata:

Habari za jioni wadau. Mimi nauza maandazi, chapati na chai ya asubuhi huku Tabata, jirani na kituo cha daladala. Wateja wangu ni wa kulipa na kukimbia, kwa hiyo ikifika saa nne kopo langu la maziwa ya unga limejaa: mia tano, mia, na hamsini moja moja. Hela ipo, tatizo ni hela ya kuhesabiwa.

Kinachoniudhi ni Kariakoo. Nikienda kwa muuza ngano wa jumla na mfuko wangu, kijana wa kaunta ananitazama usoni, anautazama mfuko, halafu: "Mama, subiri pembeni." Hapo pembeni nitasimama mpaka wenye noti waishe, wenye kulipa kwa simu waishe, na aliyekuja kuuliza bei tu naye aishe.

Juzi mwanangu akanionyesha video ya Mmarekani anajitengenezea karatasi za kufungia sarafu nyumbani kwake. Kule zimeshazoeleka, hata benki zinazo, na kila sarafu ina idadi yake: robo dola 40 zinafanya dola 10, senti kumi 50 zinafanya dola 5, senti tano 40 zinafanya dola 2, senti moja 50 ni nusu dola. Ukimpa mtu pakiti anajua ndani mna nini kabla hajaigusa. Nikapenda sana. Ila vipimo vya yule bwana ni vya sarafu za kwao, na robo dola yao ni nyembamba kiupana kuliko mia tano yetu, karatasi yake haitoshi.

Naomba mwenye uzoefu wa hapa hapa Bongo aniambie: karatasi gani, nikate ukubwa gani, na nifunge ngapi ngapi. Na tafadhali msije kuniambia nipokee kwa simu. Napokea. Lakini mtu wa andazi moja na daladala inaondoka hawezi kuanza kubonyeza namba ya siri.

Kijana_wa_Sinza:

Mama si uwape makonda tu? Tangu nauli ya safari fupi ipande kuwa 600 mwishoni mwa 2023, kila abiria anayetoa buku anadai 400. Makonda wanalilia mia mbili kila asubuhi.

BiMaandazi_Tabata:

Mwanangu, mia mbili zangu hazifiki hata saa tatu, wanazichukua zote na chai juu. Wanachokataa ni mia tano. Konda ana jero nyingi kuliko mimi, na noti ya mia tano ndiyo hiyo Benki Kuu imeiondoa mwaka 2025, kwa hiyo jero zote sasa ni za chuma. Hizo ndizo zinazojaa kopo.

KondaMstaafu:

Bi Maandazi, shikamoo kama umenizidi, kama sivyo marahaba.

Nimefanya ukonda njia ya Mbagala mpaka goti likakataa, sasa nauza chenji pale Rangi Tatu. Wale mnaowaona kituoni na kimeza, sarafu zimepangwa mafungu, ndio sisi. Konda anatupa noti, tunampa sarafu pungufu kidogo, huo upungufu ndio ugali wetu. Kwa hiyo kufunga nafunga kila siku.

Anza na idadi, karatasi baadaye. Idadi ifuate noti, kwa sababu mtu anataka pakiti anayoweza kuilinganisha na noti anayoijua. Mia tano funga 20, hiyo ni elfu kumi. Mia mbili funga 25, elfu tano. Mia funga 20, elfu mbili. Kuna wanaofunga mia 50 ili ziwe elfu tano, zinakuwa ndefu, ukiishika upande mmoja inakatika katikati na sarafu zinaingia mtaroni. Hamsini nitaisema mwisho, ina mambo yake.

Karatasi: gazeti sahau. Linachafua vidole, na likipata jasho kidogo linachanika. Mia tano 20 si uzito wa kuchezea. Bora kuliko zote ni kaki, bahasha kubwa za kaki zilizokwisha kutumika. Ikikosekana, chukua A4 za fotokopi zilizoharibika, steshenari yoyote wanazo rundo chini ya meza. Ila soma kabla hujakata. Niliwahi kuletewa pakiti iliyofungwa kwa barua ya kuomba kazi, jina, namba ya simu, wadhamini, kila kitu. Huyo kijana sijui kama kazi aliipata, lakini namba yake imezunguka Temeke nzima.

Sasa vipimo vya mia tano. Upana wake ni milimita 27.5. Ukisimamisha 20 unapata mnara wa sentimita 4 na kidogo. Chukua A4, uikate vipande vitatu kwa urefu, kila kimoja kinakuwa na upana wa sentimita 7 na urefu wa karibu 30. Huo urefu unaizunguka sarafu mara tatu na kitu, inatosha kabisa, usiongeze. Upana wa 7 unakubakishia sentimita moja na robo hivi kila upande ya kukunjia, na hiyo inafika karibu na katikati ya sarafu. Kwa hiyo A4 moja, elfu thelathini.

Kazi ngumu ni kuzungusha, kwa sababu mnara ukiulaza unakimbia. Dawa yake ni daftari nene, lile la madeni. Lifungue katikati, karatasi yako iweke juu ya ule mfereji, halafu sarafu uzilaze ndani ya mfereji juu ya karatasi. Hazikimbii. Ingiza ukingo wa karatasi chini ya sarafu kwa kucha za vidole gumba, bana, anza kuzungusha ukivuta kuja kwako. Mzunguko wa kwanza ukiwa mlegevu, fungua uanze upya, hata ukikaza ya pili na ya tatu haisaidii, ndani zitacheza. Mwisho wa karatasi paka gundi mstari mwembamba, lakini gundi isifike kwenye sarafu.

Gundi ya uji wa ngano, najua wewe unga unao, lakini usitumie. Mende wataila usiku na karatasi yake. Gundi nyeupe ya mbao, chupa ndogo, unakaa nayo muda mrefu.

Kukunja ncha: sukuma upande mmoja ndani kwa kidole gumba, geuza, sukuma wa pili, wa tatu, na ule wa nne unaingia chini ya wa kwanza. Gonga ncha mezani mara moja. Geuza, rudia upande wa pili.

Halafu andika kwa kalamu ya wino, ubavuni: 500 × 20 = 10,000. Na alama yako.

Dirishani:

Mimi nakaa dirishani benki moja hapa mjini, jina niachieni. Maelezo ya KondaMstaafu yamenyooka, ila niongeze upande wetu.

Mama ukituletea pakiti ya kufunga nyumbani tutaifungua na kuhesabu mbele yako. Si kwamba tunakuona mwizi, ndiyo utaratibu, hata angeleta nani. Kwa hiyo ukitukusudia sisi usipoteze gundi, zitenge tu kwa aina, hilo peke yake linatusaidia sana. Na nawaomba wote: selotepu msizungushie moja kwa moja kwenye sarafu. Ile gundi yake inabaki, sarafu zinashikana na mashine ya kuhesabia inakwama. Stepla pia hapana, tunachomwa vidole.

Kwa biashara ya mkono kwa mkono, kama huyo wa Kariakoo, mimi ningekata karatasi sentimita 6 na si 7. Ukikunja, katikati ya ncha kunabaki tundu la upana wa sentimita moja hivi. Mtu anachungulia anaona sarafu yenyewe, hahitaji kukisia kama umeweka vipande vya bati. Pakiti iliyofunikwa kote inatia shaka hata kama ni ya mwaminifu.

Na kitu kingine. Kijana wa duka la ngano ana mzani, si ndiyo? Sarafu ya mia tano ina gramu 9.5. Ishirini ni gramu 190, na kipande cha karatasi hakifiki gramu 2. Ikipungua sarafu moja mzani mdogo wa kidijitali unakuonyesha kama 182. Mzani mkubwa wa magunia hautasema kitu, uwe ule wa kupimia hamira na viungo. Mia tano pia ni chuma kilichopakwa nikeli, sumaku inainasa. Kabla ya kufunga pitisha sumaku ya spika mbovu juu ya fungu, itakayobaki mezani iweke kando uiangalie vizuri.

KondaMstaafu:

Hilo la tundu nakubali, ingawa mimi wateja wangu wananijua sura. Kwa mtu asiyekujua, kata 6.

Zuhura_Feri:

Nami nichangie kidogo. Nauza samaki Feri. Sarafu za kwetu zina chumvi na magamba, nikazifunga hivyo hivyo wakati wa masika, nilipofungua zimetoka kutu na karatasi imegandana nazo. Sasa naziosha kwa maji ya sabuni, naanika juani juu ya kipande cha gunia mpaka zipate moto, zikipoa ndiyo nafunga. Bi Maandazi wewe una mafuta ya kukaangia mikononi, futa sarafu kwanza kwa kitambaa chenye unga mkavu. Karatasi yenye mafuta haishiki gundi.

BiMaandazi_Tabata:

Asanteni jamani, Mungu awazidishie. Nimejaribu usiku huu na daftari la madeni, na kweli zinatulia. Tena nimeona nani ananidai na nani namdai, kazi mbili kwa mpigo. Zuhura, la mafuta umelisema kabla halijanikuta.

Kaka Konda, ulisema hamsini utakuja. Zangu zimekataa kabisa, pakiti inakuwa na mabonge.

KondaMstaafu:

Hamsini si duara, dada. Ishike uihesabu pembe: saba. Ukizipanga ovyo, pembe ya hii inakaa juu ya ubavu wa ile, karatasi inazunguka kitu kisicho na umbo. Zisimamishe mezani 20, halafu bana mnara kwa viganja viwili ukiusokota taratibu, vifaru juu wote. Utasikia zikiteleza na kukaa pembe kwa pembe. Ukishazipanga hivyo mnara una kingo saba zilizonyooka, karatasi inakaa vizuri kuliko hata ya mia tano, kwa sababu kwenye kila kona unaikaza kwa kucha. Ishirini ni elfu moja. Karatasi iwe nyembamba, A4 siyo kaki, kaki haipindi kwenye kona ndogo kama zile.

Ila kama nikikushauri, hamsini usizifunge. Wenye maduka ya mtaani hawana, wanarudishia watu pipi na kibiriti. Ukimpelekea Mangi wako hamsini za elfu mbili atakukatia na sukari ya chai.

Kijana_wa_Sinza:

Pipi hizo nina mfuko mzima nyumbani, nani ananunua? 😂

BiMaandazi_Tabata:

Narudi kutoa mrejesho, maana wengi humu wakisaidiwa hawaonekani tena.

Nimekwenda Kariakoo na pakiti nane za mia tano, nimekata 6 kama alivyosema wa Dirishani, nimeandika na kupiga alama yangu, duara na nukta katikati. Kijana akaanza tena, "Mama subiri..." nikamwekea moja juu ya kaunta, ikasimama wima. Akanyamaza. Akaichungulia kwenye tundu, akaona nyati. Nikamwambia chagua yoyote ufungue uhesabu, zilizobaki pima kwenye mzani wa hamira. Alifungua ya katikati, si ya juu, mjanja huyo. Ishirini. Akaweka hiyo na karatasi yake kwenye mzani, kisha akapima nyingine moja moja, zote zikasoma sawa. Akanipa mfuko wangu wa ngano na risiti kabla ya mwanaume mmoja mwenye noti aliyekuwa nyuma yangu, ambaye alikuwa bado anapekua mifuko.

Pakiti aliyoifungua akanirudishia karatasi, nimekuja nayo, inafungika tena.

Sasa kaniuliza kama naweza kumletea za mia mbili kila wiki, anazihitaji kurudishia wateja. Nimemwambia za mia mbili zina wenyewe, asubiri pembeni.